Mikahawa ya Chai na Mashine ya Hesabu

Katika masomo yaliyopita tulieleza kompyuta ni kitu gani, na programu ni nini: ni orodha ya amri ambazo mashine huzifuata moja baada ya moja, bila kuchoka na bila kuuliza. Leo twataka kurudi nyuma hatua moja. Kabla ya fundi kuandika amri hizo, ni nani aliyemwambia aandike nini? Kazi ya kutafuta jibu la swali hilo huitwa uchambuzi wa shughuli. Na zile njia wanazozifuata mafundi, kuanzia siku ya kwanza ya maswali mpaka siku mashine inapoanza kazi, ndizo taratibu za kuunda programu. Mambo haya mawili yana historia moja, nayo ilianzia mahali ambapo wengi wenu hamtapadhania.

Nitaanza na kisa kidogo cha ofisini. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja iliyoletewa programu ya kuandikisha wanafunzi wa madarasa ya watu wazima. Kwa macho ilikuwa programu nzuri sana. Lakini ilidai tarehe ya kuzaliwa ya kila mwanafunzi, siku, mwezi na mwaka, na pakiachwa wazi ilikataa kuendelea. Sasa, mama mzee ambaye ajua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, tarehe ataitoa wapi? Karani wetu akatafuta njia yake: kila asiyejua tarehe akaandikiwa 1 Januari. Mwisho wa mwaka orodha ikaonyesha kwamba karibu wazee wetu wote wamezaliwa siku moja. Wakubwa wakamgombeza karani. Mimi naona karani hakuwa na kosa. Waliounda programu ile hawakuja kuketi naye hata asubuhi moja.

Basi twendeni London. Mwaka 1894 kampuni iitwayo J. Lyons ilifungua mkahawa wake wa kwanza wa chai katika barabara ya Piccadilly. Watu waliipenda chai yake, mikahawa ikaongezeka mpaka ikapita 200, na wasichana waliowahudumia wateja, wenye nguo nyeusi na aproni nyeupe, wakajulikana nchi nzima. Nyuma ya mikahawa hiyo palikuwa na viwanda vya mikate na keki, magari ya kupeleka bidhaa, na makao makuu mahali paitwapo Cadby Hall.

Sasa fikirini biashara ya namna hii. Faida ya kikombe kimoja cha chai au andazi moja ni sehemu ndogo tu ya peni. Lakini kila kikombe kina hati yake, na kila hati yapita mikononi mwa karani anayeijumlisha, na mwingine anayeihakiki. Ukiuza nyumba moja, gharama ya kuandika karatasi si kitu. Ukiuza vikombe milioni, karatasi zaweza kuila faida yote. Mwenye duka la rejareja anayenisikiliza sasa ananielewa vizuri kuliko profesa.

Mwaka 1923 kampuni ile iliajiri kijana mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, hodari wa hesabu, jina lake John Simmons. Huyu aliona kwamba haitoshi kumhimiza karani afanye haraka. Yafaa kwanza kuuliza kama kazi yenyewe ina haja ya kufanywa. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 kampuni ikaanzisha ofisi ndogo ya utafiti wa taratibu. Kazi ya watu wa ofisi hiyo ilikuwa kuingia katika idara, kuifuata karatasi moja kutoka meza hadi meza, na kuuliza: Nani huisoma hii? Huisoma kwa sababu gani? Isipokuwapo, ni nani atakayelalamika? Kumbukeni kwamba wakati huo hapakuwa na kompyuta ya elektroni hata moja ulimwenguni. Uchambuzi wa shughuli ni mkubwa kwa umri kuliko mashine yenyewe, na mimi hupenda kuwaambia hivyo vijana wanaodhani kwamba ni elimu ya jana.

Mwaka 1947 Lyons iliwatuma Marekani mabwana wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakatazame ofisi za huko zimejifunza nini wakati wa vita. Katika ofisi hawakuona mengi ya kuwashangaza. Lakini walisikia habari za mashine kubwa ya elektroni iliyoundwa kwa hesabu za mizinga, wakaenda kumwona mtaalamu Herman Goldstine huko Princeton. Naye akawaambia kwamba kwao wenyewe, Cambridge, mtu aitwaye Maurice Wilkes alikuwa akijenga mashine ya jinsi hiyo. Walivuka bahari kwenda kuambiwa habari za nyumbani!

Waliporudi, kampuni ikakubali kuwasaidia watu wa Cambridge kwa fedha na kwa fundi mmoja. Mashine ya Cambridge ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei, 1949. Hapo Lyons ikaamua kujenga ya kwake kwa kuifuata ile. Wengi walishangaa, maana wauza keki na utengenezaji wa mashine za elektroni wapi na wapi? Lakini hapakuwa na kiwanda cha kuwauzia mashine kama waliyoitaka. Wakamwajiri mhandisi John Pinkerton, na mashine ikaitwa LEO, herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya Ofisi ya Elektroni ya Lyons. Ilijaza chumba kizima. Ilikuwa na taa za vioo, yaani vali, karibu 6,000, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa katika mirija mirefu ya zebaki.

Mashine ilikuwa ya Pinkerton, lakini kazi ya kuamua mashine ifanye nini ilikuwa ya David Caminer. Aliingia katika kampuni mwaka 1936, akaenda vitani, akapoteza mguu mmoja huko Tunisia mwaka 1943, akarudi kazini na kuisimamia ile ofisi ya utafiti wa taratibu. Caminer alikuwa mkali. Hakuruhusu amri hata moja iandikwe kabla kazi yenyewe haijaeleweka kutoka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na yale mambo yanayotokea mara moja kwa mwezi. Wanahistoria wengi humtaja kuwa mchambuzi wa kwanza wa shughuli kwa ajili ya kompyuta. Pamoja naye walikuwapo waandishi wa programu kama Derek Hemy na Leo Fantl, na kuanzia mwaka 1952 Bibi Mary Coombs, anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta ya biashara.

Kazi ya kwanza waliyoipa LEO kila juma, mwezi wa Novemba 1951, ilikuwa kukadiria thamani ya mikate, keki na sambusa kubwa zilizotoka viwandani. Angalieni walivyochagua. Kazi hiyo ilikuwa na faida kwa mameneja, lakini mashine ikiharibika hakuna mtu atakayelala na njaa. Mishahara waliingoja.

Mishahara! Hapa yafaa tukae kidogo. Mtu asiyeijua kazi hii hufikiri ni kuzidisha saa kwa malipo tu. Lakini yupo aliyefanya kazi usiku, yupo aliyeugua Jumanne, yupo anayelipa deni la kampuni, yupo aliyehama idara katikati ya juma. Isitoshe, tangu mwaka 1944 Uingereza ilianza kukata kodi ya mapato katika mshahara wenyewe kila siku ya malipo, kwa kufuata majedwali marefu. Karani mzoefu alitumia kama dakika 8 kwa mshahara wa mfanyakazi mmoja. LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Lakini mwendo huo haukumshawishi Caminer. Swali lake lilikuwa jingine: siku ya malipo ikifika na mashine imekwama katikati ya orodha, watu watapewa nini?

Kwa hiyo programu ile iligawanywa vipande, na kila kipande kikawa na mahali pa kuanzia upya pakitokea hitilafu. Jumla ndogo ndogo zilitolewa njiani ili zilinganishwe. Aliyeandika amri hakuruhusiwa kuwa mhakiki wa amri zake mwenyewe. Mwenzake alizisoma mstari kwa mstari. Kisha mashine ilifanya hesabu sambamba na makarani, na matokeo ya pande mbili yakalinganishwa, hata wote wakaridhika. Ndipo mwanzoni mwa mwaka 1954 mishahara ikakabidhiwa kwa LEO. Ninyi mnaofanya kazi za kuajiriwa, jiulizeni mngependa mshahara wenu uandaliwe na watu wa namna gani.

Jambo zuri kuliko yote lilikuja mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Kila siku mikahawa kama 150 ilipaswa kuagiza vyakula vya kesho: keki za namna hii ngapi, mikate mingapi, na kadhalika. Njia rahisi kufikiri ni kila msimamizi wa mkahawa aandike orodha yote upya kila siku, na makarani waiingize yote katika mashine. Wangeuhamisha mzigo ule ule wa karatasi kutoka mezani na kuutia mashineni. Wachambuzi wakaangalia maagizo yenyewe, wakaona kwamba Jumatatu ya mkahawa mmoja hufanana sana na Jumatatu yake iliyopita. Basi kila mkahawa ukawekewa agizo la kawaida kwa kila siku ya juma, likahifadhiwa. Alasiri msichana wa Cadby Hall humpigia simu msimamizi na kumwuliza neno moja tu: Je, kuna mabadiliko? Akijibiwa keki ziongezwe kumi na mbili kwa sababu kesho kuna gulio karibu, msichana hutoboa kadi papo hapo akiwa bado na simu sikioni. LEO huchukua agizo la kawaida, hutia mabadiliko, na kutoa orodha za kupakia magari.

Naomba mtambue kwamba ufundi wa hapa hauko katika elektroni. Uko katika kuona kwamba habari iliyo muhimu ni mabadiliko tu. Wala jambo hilo halikuonekana kwa kukaa na kuitazama mashine.

Habari ya LEO ikaenea, na kampuni ikaanza kuwafanyia wengine kazi na kuwauzia mashine. Mwaka 1963 shughuli hiyo iliunganishwa na ya English Electric, na mwaka 1968, baada ya miungano mingine, ikawa sehemu ya kampuni kubwa ya ICL. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Miaka ya 1960 mashine ziliongezeka nguvu, na programu zikawa ndefu kupita kiasi. Kazi zilichelewa, fedha zikapotea. Mwezi wa Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, wakakiri wazi kwamba hali ni mbaya. Mwaka 1970 Mmarekani Winston Royce alichora hatua za kazi zikishuka kama ngazi: mahitaji, uchambuzi, mpango, kuandika, kujaribu, kutumia. Baadaye watu wakauita mchoro huo maporomoko ya maji, kwa kuwa maji hayapandi kurudi juu. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba Royce mwenyewe alionya katika makala ile ile kuwa kufuata ngazi hiyo bila kurudi nyuma ni hatari, akashauri kazi ngeni ifanywe kama mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Wengi walikumbuka mchoro, wakasahau onyo. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa za IBM, aliandika kwamba ukiongeza watu katika kazi iliyochelewa waichelewesha zaidi, maana wageni hao lazima wafundishwe na wale wale walio na kazi.

Upande wa pili walitokea waliopenda kuunda kidogo kidogo na kumwonyesha mtumiaji mara kwa mara. Mwaka 1996 Kent Beck aliitwa katika kampuni ya magari ya Chrysler kuokoa programu ya, mwadhani nini? Mishahara. Alitaka mtu anayeijua kazi ya mishahara aketi chumba kimoja na mafundi kila siku. Programu ikaanza kulipa watu kama 10,000 mwaka 1997, ingawa mwaka 2000 kampuni iliiacha kabla haijawafikia wafanyakazi wote. Yule mtu mmoja aliyeketi na mafundi alikuwa amechoka kabisa akaondoka. Ni mzigo mkubwa kumfanya mtu mmoja awe kinywa cha ofisi nzima. Mwezi wa Februari 2001 mabwana 17, Beck miongoni mwao, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi la kutetea njia hizo nyepesi. Tangu hapo ndizo zinazotajwa zaidi. Mashindano kati ya wafuasi wa maporomoko na wafuasi wa wepesi ni marefu, nami sitawachosha nayo, maana mara nyingi wote wawili husahau kwenda kumwona karani.

Sasa turudi kwa ICL. Mwaka 1990 sehemu kubwa ya kampuni hiyo ilinunuliwa na Fujitsu ya Japani. Mwaka 1996 ilipewa kazi ya kuunda mfumo wa kadi za kulipia misaada ya serikali katika posta za Uingereza. Mwaka 1999 mpango wa kadi ukavunjwa, lakini mfumo haukutupwa. Uligeuzwa uwe wa hesabu za posta, ukaitwa Horizon, ukasambazwa katika maelfu ya posta ndogo ndogo, ambazo nyingi ni duka la mtu na mkewe kijijini.

Mashine ikaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kwa mujibu wa mkataba, msimamizi wa posta alipaswa kulipa upungufu huo mfukoni mwake. Waliouliza kwa simu, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi au udanganyifu. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba, wapo waliokufa kabla jina lao halijasafishwa. Msimamizi mmoja, Alan Bates, aliyenyang'anywa posta yake huko Wales, hakukubali kunyamaza. Akawakusanya wenzake, na mwezi wa Desemba 2019 mahakama kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu zao kwa pamoja.

Hivyo katika ukoo mmoja wa kampuni twaona mwanzo ambapo jumla za mashine zililinganishwa na za makarani mpaka wote wakaridhika, na baadaye zama ambapo mashine ilipotofautiana na mtu, aliyepelekwa mahakamani ni mtu. Sisemi kwamba Waingereza wa zamani walikuwa watu wema kuliko wa sasa. Nasema kwamba Caminer na wenzake walikuwa jengo moja na makarani wao.

Nimalizie na jambo la kwetu Afrika Mashariki. Mwezi wa Oktoba 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza majaribio Nairobi na Thika, wakiwa na wateja wasiofika 500. Nia ilikuwa kuwawezesha watu wa vikundi vya mikopo kupokea na kulipa mikopo midogo kwa simu. Programu iliundwa karibu na Cambridge, mji ule ule. Wasimamizi wa majaribio, Nick Hughes na Susie Lonie, walikwenda kutazama wateja wanafanya nini hasa. Wakakuta mambo ambayo hayakuandikwa katika mpango. Wafanya biashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliitumia kama sanduku la kuwekea mauzo ya jioni, maana mawakala walifunga baada ya benki. Wapo waliosafiri kati ya Thika na Nairobi, wakiweka fedha mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho, ili wasiibiwe njiani. Na wapo waliowatumia fedha watu wasiokuwa katika majaribio kabisa. Ule upande wa mikopo, ulioanzisha yote, ulikuwa mgumu kwa vikundi na kwa vitabu vyao vya hesabu.

Waanzilishi wangaliweza kuwagombeza wateja kwa kutofuata kanuni, kama karani wetu alivyogombezwa kwa ajili ya 1 Januari. Wao walibadili mpango. Mikopo ikawekwa kando, na mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa umma wa Kenya kwa jambo moja jepesi: kutuma pesa nyumbani.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kazi ya juma hili ni hii. Kila kundi lichague shughuli moja iliyo karibu: zahanati, chama cha ushirika, duka, kinu cha kusaga. Mwombeni ruhusa mwenyewe, mkaketi naye asubuhi moja. Fuateni karatasi moja, risiti au kadi, tangu inapoandikwa mpaka inapotupwa au kuwekwa kabatini. Andikeni kila mkono inaopita na kila swali mliloshindwa kujibiwa. Msipendekeze mabadiliko yo yote kwanza. Juma lijalo, siku na saa kama hizi, tutachukua maandishi yenu na kujifunza kuyageuza yawe mchoro wa hatua. Kwaherini.